Pa Kuegemeza Chuma

Mwaka jana nililipwa dola 9 kuandika maneno 800 kuhusu kitu ambacho sikuwa nimewahi kukigusa. Kichwa kilikuja vile vichwa vya kazi hizi huja, saa tano usiku, bila salamu: jinsi ya kuchagua egemeo la patasi unapokereza ndani ya bakuli la mbao. Mwenye tovuti yuko ng'ambo, sijui wapi. Kati yake na mimi kuna kampuni inayogawa kazi, na kati ya kampuni na mimi kuna msee mwenye akaunti, naye anakata asilimia yake kabla ya doo kunifikia. Jina langu haliko popote.

Niliandika kwa saa tatu. Nilisoma kurasa kadhaa, nikachanganya, nikapanga upya, nikatuma. Kabla kupambazuke ilikuwa imekubaliwa. Nyota tano.

Siku kumi baadaye nilikuwa Gikomba kwa mjomba. Mjomba ni mkerezaji. Anatengeneza miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, na akipata gogo zuri la jakaranda anatoa bakuli kadhaa za kuuzia watu wa soko la watalii. Nilidhani atafurahi. Miaka mitatu tangu niache chuo, hii ilikuwa mara ya kwanza kazi yangu na kazi yake kukutana. Nikafungua simu, nikaanza kumsomea, nikitafsiri huku nasoma. Alikuwa anasikiliza akipangusa vumbi kwenye mkanda wa mota. Nilipofika aya ya nne akanisimamisha.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Ilisema ukiwa unakwangua ndani ya bakuli, weka egemeo ili ncha ya chuma iwe chini kidogo ya katikati.

"Mjomba," akasema (kwetu neno hilo huenda na kurudi, yeye ananiita hivyo na mimi namwita hivyo), "hapo utaumiza mtu."

Kisha akainua mkono wa kushoto, ule ambao kidole cha shahada kinaishia kwenye kifundo cha pili. Nimeuona mkono huo maisha yangu yote. Sijawahi kuuliza.

*

Nieleze kwanza hiki kitu ni nini, maana hata mimi wakati huo nilikuwa naandika tu.

Mashine ya kukereza hufanya kazi kinyume na useremala mwingine. Kwa seremala wa kawaida mti hutulia na chuma ndicho hutembea: msumeno, randa, tezo. Kwenye kerezo, mti ndio huzunguka na chuma hutulia. Shida ni kwamba mkono wa binadamu peke yake hauwezi kutuliza chuma mbele ya mti unaozunguka mara 1,000 kwa dakika. Bakuli la upana wa sentimita 30 likizunguka hivyo, ukingo wake unasafiri zaidi ya kilomita 56 kwa saa. Hiyo ni kasi ya matatu iliyopata nafasi Jogoo Road. Kwa hivyo mbele ya mti huwekwa kipande cha chuma kisichosonga, na patasi hulazwa juu yake. Mkono wa nyuma hushika mpini, wa mbele huongoza, na hicho kipande hubeba kishindo chote.

Hicho ndicho egemeo. Wanaofundisha sayansi kwa Kiswahili hulitumia neno hilohilo kwa nyenzo: wenzo, mzigo, egemeo. Na kweli patasi juu ya egemeo ni wenzo. Upande mmoja kuna mkono wako, upande wa pili kuna mti unaotaka kukipiga chuma chini.

Mimi nilisoma uhandisi wa mitambo hadi mwaka wa tatu, kabla karo kukwama na mimi kukwama nayo. Kanuni ya wenzo nilipita kwa alama nzuri. Lakini niliandika aya ya nne na sikuona kosa. Nilirudi kwa nyumba nikiwa na hilo swali: watu wa kwanza walijuaje? Nani aliwaambia wapi pa kuegemeza chuma? Nikaanza kusoma, safari hii bila kulipwa.

*

Picha ya zamani zaidi ya kerezo tunayoijua iko Misri, mahali panaitwa Tuna el-Gebel, kwenye kaburi la kuhani Petosiris. Ilichongwa ukutani karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Kuna wanaume wawili. Mmoja anavuta kamba iliyozungushiwa mti, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mwingine ameshika chuma. Basi. Kazi ya watu wawili, na mti hauzunguki upande mmoja tu: unakuja, unarudi. Chuma hukata mti ukija kwako. Ukirudi unakilegeza kidogo, halafu unaanza tena.

Baadaye watu wakagundua kuwa mtu mmoja anatosha akiwa na upinde. Kamba ya upinde inazungushiwa mti, mkono mmoja unasukuma na kuvuta. Sasa unabaki na mkono mmoja wa kushika patasi, na hautoshi. Wakerezaji wa Cairo, waliotengeneza vile vijiti vidogo vya madirisha ya mashrabiya, na wenzao wa Marrakech ambao watalii huwapiga picha mpaka leo, walitatua jambo hili kwa mguu. Fundi anakaa chini. Mkono wa kulia unavuta upinde. Wa kushoto unashika mpini wa patasi, na vidole vya mguu vinakibana chuma juu ya ufito ulio mbele ya mti. Yaani mguu wa mtu umekuwa nusu ya egemeo. Ukiangalia video ya wazee hawa YouTube unajisikia vibaya kuhusu miguu yako, kwamba kazi yake yote ni kuvaa raba.

Pwani yetu ina neno lake la kazi hii tangu zamani, kabla ya mota yoyote kufika Gikomba. Kukereza. Kamusi zina keezo na kerezo kwa mashine yenyewe. Vitanda vya kale vya Lamu vina miguu iliyokerezwa, pete juu ya pete, mingine ikatiwa rangi nyekundu na nyeusi. Mjomba hajawahi kufika Lamu, lakini nilipomwonyesha picha alizihesabu zile pete na kuniambia fundi alianzia wapi na akamalizia wapi.

Lakini mguu wa kitanda ni kazi ya nje. Mti umelala kati ya ncha mbili kama mshikaki, na egemeo ni ufito ulionyooka uliolala sambamba nao. Popote unapokata, chuma kiko karibu na egemeo. Bakuli ni hadithi nyingine. Bakuli lina ndani.

Hapa kwetu ndani ya bakuli tulikwepa mashine kabisa. Vibakuli vingi vya mti mnavyoviona Maasai Market vimechongwa kwa tezo na kisu, kazi ya Wakamba ambayo wengi huirudisha kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyerudi kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza akiwa na ujuzi wa uchongaji. Tezo haihitaji egemeo. Egemeo ni goti lako na macho yako. Waliochimba ndani ya bakuli kwa kerezo kwa mamia ya miaka, na kuacha ushahidi, ni watu wa kaskazini, kwenye baridi.

*

Kuna mtaa mjini York, Uingereza, unaitwa Coppergate. Ukilisikia jina unafikiria shaba. La hasha. Ni Kinorwe cha kale, lugha ya Waviking waliotawala mji huo, na maana yake ni mtaa wa watengeneza vikombe. Kati ya 1976 na 1981 wanaakiolojia walichimba hapo, na kwa kuwa udongo ulikuwa na maji mengi usio na hewa, mbao za karne ya 10 zilikuwa hazijaoza. Walipata bakuli. Pamoja na bakuli walipata takataka za karakana, na ndani ya takataka kulikuwa na vipande vidogo vya mti vyenye umbo la pia, ile tuliyokuwa tukizungusha utotoni.

Vile vipande vinaeleza kila kitu. Kerezo la wakati huo liliendeshwa kwa mguu. Juu ya kichwa cha fundi kuna fito ndefu inayonesa. Kamba inatoka kwenye fito, inazungushiwa mhimili uliopigiliwa kwenye gogo, inashuka hadi kwa kikanyagio. Unakanyaga, mti unakuja. Unaachilia, fito inanesa na kuurudisha. Gogo limebanwa kati ya ncha mbili, moja kila upande. Kwa hivyo ukichimba ndani ya bakuli huwezi kuchimba katikati, kwa sababu katikati ndipo ncha inaposhikilia. Unachimba kuzunguka. Mwishoni bakuli liko tayari ila lina kitovu kimesimama ndani. Unakivunja, unasafisha chini kwa kisu, unatupa kitovu. Vitovu hivyo ndivyo vilivyopatikana Coppergate.

Sasa fikiria patasi iliyonyooka. Itapitaje kati ya kitovu na ukuta wa bakuli, halafu ipinde kufuata mviringo wa ndani? Haiwezi. Hivyo wakafua chuma chenye ncha iliyokunjwa kama ndoano, mpini mrefu unaoenda mpaka chini ya kwapa au juu ya bega. Egemeo lao lilikuwa ufito tu, mbele ya mdomo wa bakuli. Joseph Moxon, Mwingereza aliyechapisha kitabu cha ufundi kwa vipande kuanzia 1677, anazieleza hizo ndoano na kulieleza egemeo kama sehemu ya kawaida ya karakana. Ndoano inaingia ndani, egemeo linabaki nje. Umbali wote uliopo katikati ulibebwa na mwili wa fundi: kwapa, bega, kiuno.

Na waliweza. Meli ya kivita ya mfalme Henry VIII, Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth mwaka 1545 na ikainuliwa 1982. Ndani yake kulikuwa na bakuli na sahani nyingi za mbao zilizokerezwa, vyombo vya mabaharia wa kawaida, baadhi vikiwa na alama ambazo wenyewe waliziweka ili mtu asimchukulie mwenzake. Ukiwahi kuishi hosteli unaelewa hizo alama.

Siri yao ilikuwa kasi. Kerezo la mguu ni la polepole, na nguvu yake ni ya mguu wako mwenyewe. Ndoano ikishika mti vibaya, mti unasimama, kwa sababu wewe ndiye mota. Unatukana kidogo, unaanza upya. Vidole vinabaki kumi.

Wa mwisho wa ukoo huo alikuwa George Lailey, mzee aliyefanya kazi kwenye kibanda huko Bucklebury Common, kusini mwa Uingereza, kama babu yake alivyofanya. Alitumia mti unaoitwa elmi na ndoano alizozifua mwenyewe. Jambo lililowashangaza watu ni kwamba aliweza kukata bakuli ndani ya bakuli: kutoka gogo moja anatoa kubwa, ndani yake la kati, ndani yake dogo, kama sufuria za kununua kwa seti. Hakuna kitu kilichotupwa isipokuwa kitovu cha lile la mwisho. Alikufa 1958. Kerezo lake likapelekwa kwa makumbusho ya maisha ya mashambani mjini Reading, na ufundi ukawa umekatika. Miaka ya 1990 Mwingereza mmoja, Robin Wood, aliliona, akalisoma, akajifunza upya kufua ndoano na kukereza kwa mguu. Hakuwa na mwalimu aliye hai. Mwalimu wake alikuwa mashine iliyonyamaza na alama za chuma kwenye bakuli za kale.

Hapo nilitulia kidogo. Nilikuwa nimezoea kufikiri kuwa ujuzi ukiandikwa umeokoka. Lailey hakuandika. Niliyeandika ni mimi, na niliandika uongo.

*

Kuna egemeo lingine, na hilo ndilo lililobadilisha dunia. Hapa ndipo hadithi inaacha bakuli kwa muda na kuingia kiwandani.

Henry Maudslay alizaliwa 1771. Akiwa kijana alifanya kazi London kwa Joseph Bramah, mtengeneza kufuli, akapanda mpaka akawa msimamizi wa karakana. Alilipwa shilingi 30 kwa wiki. Akaoa, watoto wakaja, akaomba aongezwe. Akanyimwa. Mwaka 1797 akaondoka na kufungua karakana yake. Wale wenzangu mnaosubiri jibu la barua pepe ya kuomba nyongeza, mjue mko kwenye safu ndefu.

Kifaa kinachohusishwa na jina la Maudslay ni egemeo linalotembea. Badala ya ufito ambao mtu analaza patasi juu yake, yeye alikifunga chuma chenyewe ndani ya egemeo, na egemeo likateleza juu ya reli likisukumwa na skrubu. Unazungusha kishikio, chuma kinasonga kwa kipimo unachotaka, hakitetemeki, hakichoki. Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Andrei Nartov, mkerezaji wa mfalme Peter Mkuu wa Urusi, alikuwa na mashine zenye kishikio cha chuma miongo mingi kabla. Lakini Maudslay aliijenga kwa chuma kizito na kwa usahihi kiasi kwamba mashine yake iliweza kutengeneza mashine nyingine.

Miaka michache baadaye, pamoja na Marc Brunel na Samuel Bentham, alijengea jeshi la majini mitambo ya kutengeneza roda za mbao za meli. Mitambo 45. Watu 10 wasio na ufundi walifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mafundi 110. Na hilo lilikuwa wapi? Portsmouth, palepale jirani na maji yaliyoimeza Mary Rose na bakuli zake.

Karl Marx analitaja egemeo la Maudslay katika Capital ya 1867. Kwake lilikuwa mfano wa mashine ambayo haikuchukua nafasi ya patasi au nyundo, bali ya mkono wenyewe. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kifaa hicho kama mchoro: sehemu A, sehemu B, skrubu. Hakuna aliyetuambia kuwa kuna watu 100 walioenda nyumbani.

Nilidhani hapo ndipo hadithi inaisha. Mkono umeshindwa, twende nyumbani. Lakini karakana ya mjomba iko Gikomba, mwaka huu, na patasi bado iko mkononi mwake. Kwa nini?

Kwa sehemu ni bei, ndiyo. Viwanda vikubwa vina mashine za kunakili umbo moja mara elfu. Lakini ukimuuliza mjomba atakuambia ni mti. Chuma au plastiki ni kilekile kila upande. Mti una nyuzi. Bakuli likizunguka mara moja, patasi inakutana na nyuzi kwa ubavu, halafu kwa ncha, halafu ubavu, halafu ncha tena. Mara nne kwa mzunguko mmoja ule mti unabadilika tabia. Ongeza kifundo cha tawi, ongeza ufa. Mkono unasikia hayo kupitia mpini na kulegeza kabla ubongo haujajua. Egemeo la Maudslay halisikii. Linasukuma tu.

*

Sasa turudi kwa kidole.

Kilichobadilika kati ya Lailey na mjomba ni mota. Mota ilileta mzunguko wa upande mmoja usiokoma, na gogo likaweza kushikwa kwa nyuma peke yake, kwenye sahani ya chuma yenye skrubu. Kitovu kikatoweka. Ndoano ikawa si lazima. Patasi ya mfereji iliyonyooka inafika hadi katikati ya bakuli. Vizuri. Lakini mota haijui kusimama ikikosea. Chuma kikishika, mti hausimami. Kinachosimama ni kingine.

Mashine ya mjomba imejengwa mtaani: fremu ya chuma cha pembe, mota ya mtumba, na egemeo ambalo ni kipande cha chuma cha pembe kimenyooka, kimechomelewa kwenye mguu. Kwa miguu ya vitanda ni sawa kabisa. Mwaka ule, nikiwa darasa la tatu, alipata oda ya bakuli kubwa. Akaziba mdomo wa bakuli kwa egemeo lilelile lililonyooka na kuingiza chuma ndani. Mwanzoni ni sawa. Kadiri bakuli lilivyozidi kuwa refu, ncha ya chuma ilizidi kwenda mbali na egemeo.

Piga hesabu, ni ndogo. Mkono wa nyuma uko sentimita 40 kutoka kwa egemeo. Ncha ikijitokeza sentimita 2, mti ukiipiga chini kwa uzito wa kilo 10, mkono unahitaji kuzuia nusu kilo tu. Ncha ikijitokeza sentimita 12, kishindo kilekile kinahitaji kilo 3. Mara sita. Na kishindo hakikupi taarifa. Siku hiyo chuma kilishika, mpini ukaruka juu, patasi ikapiga egemeo. Kidole cha shahada, ambacho mjomba alikuwa amekikunja chini ya chuma kwa mazoea, kilikuwa katikati.

"Haikuuma," aliniambia. "Iliuma kesho yake."

Ndiyo maana watu wakatengeneza egemeo lililopinda. Ni wazo rahisi hadi unashangaa: kama kazi iko ndani, egemeo nalo liingie ndani. Linapinda kama mundu, linafuata ukuta wa bakuli, na chuma kinabaki karibu nalo kutoka mdomoni hadi chini. Mengine yana umbo la herufi S, mkunjo mmoja wa ndani ya bakuli, mwingine wa nje. Ukichagua, angalia mambo haya. Mkunjo ukaribiane na ule wa bakuli zako, si wa bakuli za mtu mwingine. Uso wa juu uwe laini na mgumu. Wa chuma cha kumimina hupata mapengo, na patasi ikiteleza hukwama kwenye kila pengo, kwa hivyo kaa na faili karibu. Mguu wake utoshe kwenye tundu la mashine yako bila kucheza. Na uwe mnene, kwa maana egemeo lililopinda lina udhaifu wake: ile ncha yake ya mbali iko mbali na mguu, na hiyo nayo ni wenzo. Likiwa jembamba litatetemeka. Hata egemeo linahitaji egemeo. Kisha, kabla ya kuwasha mota, zungusha bakuli kwa mkono mzunguko mzima uone haligusi popote.

Na urefu wake kutoka chini. Hii ndiyo aya ya nne.

Chukulia uso wa bakuli ni uso wa saa ya ukutani. Unapochimba ndani, chuma chako kiko upande wa kushoto, kwenye namba 9, na mti pale unashuka. Chuma kikishika kitasukumwa chini. Kama ncha ilikuwa juu kidogo ya 9, ikishuka inaelekea pale ambapo ukuta uko mbali zaidi na katikati, kwa hivyo inapata nafasi, inaachilia. Kama ilikuwa chini ya 9, ikishuka inakutana na ukuta unaokuja ndani. Inachimba. Ikichimba inavutwa zaidi, na ikivutwa inachimba zaidi. Nje ya bakuli ni kinyume: hapo ndipo unakaa katikati au chini kidogo. Mimi nilichukua sheria ya nje nikaiweka ndani. Neno moja.

Kwa hivyo: unapokwangua ndani ya bakuli, ncha iwe katikati au juu kidogo. Kamwe si chini.

*

Niliandikia kampuni siku ileile nikiwa bado Gikomba. Nikaeleza kosa, nikatuma sentensi iliyosahihishwa, nikasema sitaki malipo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Makala ilishauzwa, si yangu tena, asante kwa kazi nzuri. Nikamwomba yule msee mwenye akaunti asukume. Akaniambia nisijitafutie shida, nyota ni tano. Naitafuta ile makala mara kwa mara kwa maneno yangu mwenyewe na siipati. Labda haikuchapishwa. Labda iko nyuma ya malipo mahali fulani, na kuna mtu ndani ya gereji huko ng'ambo ameisoma, ameteremsha egemeo lake.

Hilo ndilo linanisumbua. Nimeishi miaka mitatu kwa kuandika vitu nisivyovijua kwa watu nisiowajua, nikijiambia ni maneno tu, hayawezi kumkata mtu. Lailey alifanya kazi maisha yake yote bila kuandika, na bakuli zake hazikumdanganya Robin Wood. Sentensi pia ni kitu ambacho mtu hulaza uzito wake. Yule anayesoma jinsi ya kuweka chuma anaegemea kwa aliyeandika, na hawezi kuona kama chini yake kuna chuma au kuna kijana mwenye usingizi anayefukuzia dola 9.

Bado naandika za kulipwa, sitawadanganya, kodi haijui falsafa. Lakini sasa nina kanuni: kama kitu kinaweza kumuumiza mtu, natafuta aliyewahi kuumia nacho nimsomee kabla ya kutuma. Nimekosa kazi mbili kwa kuchelewa.

Na mwezi uliopita nilimpeleka mjomba Kamukunji kwa wafua chuma. Tulibeba rodi nzima ya milimita 25 na kipande cha katoni nilichokikata kwa kufuata ndani ya bakuli lake. Kijana wa pale aliichoma rodi kwa makaa hadi ikawa nyekundu, akaipinda taratibu, akaipima kwa katoni, akaichoma tena. Mara tatu. Tukarudi, mjomba akaichomelea mguu, akaifunga, akazungusha bakuli kwa mkono. Haikugusa. Akapima ncha ya patasi na katikati, akaongeza juu kama unene wa kucha.

"Njoo usimame hapa," akaniambia.

Nikashika mpini. Akauchukua mkono wangu wa kushoto, akakitoa kidole changu cha shahada chini ya chuma na kukiweka juu yake. Kisha akawasha mota.